Futresti za kukunja kwenye Honda XL na Yamaha DT za zamani: maswali na majibu

Futresti (chuma cha kukanyagia mguu) ya kushoto ya DT yangu imelala, ncha ya nje imeshuka. Nikisimama kwenye matuta mguu unateleza nje. Nimebadilisha springi mara mbili, bado.

Hata ukibadilisha ya tatu. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara mtu ameshanunua springi kwanza. Springi inarudisha futresti chini baada ya kujikunja, basi. Uzito wako unabebwa na kisigino: kile kipande cha chuma kwenye mzizi wa futresti, chini ya pini inayojikunjia, kinachogota kwenye breketi (kishikio chake kwenye fremu). Kisigino kikilika, futresti inalala. Tundu la pini likigeuka umbo la yai, inalala zaidi.

Toa pini, chomeka mpya. Ikicheza, tundu limelika. Ikikaza, tatizo ni kisigino. Kwenye pikipiki za umri huu mara nyingi ni vyote viwili.

Kisigino kinajazwa kwa kuchomelea. Saga mpaka chuma king'ae, na kama kimepakwa zinki iondoe yote, maana moshi wake unaleta homa usiku huohuo. Tumia elektrodi ya milimita 2.5, aina ya E7018, iliyo kavu, ampea 80 hivi. Acha ipoe yenyewe, usimwagie maji. Jaza kupita kiasi, kisha punguza kwa tupa, si kwa grinda. Tuseme kisigino kiko milimita 12 chini ya pini na ncha ya futresti iko milimita 100 nje: ukiondoa milimita 1 kwenye kisigino, ncha inashuka zaidi ya milimita 8. Grinda inakula milimita hiyo kabla hujapepesa macho.

Paka kisigino masizi ya mshumaa, rudisha futresti, ikandamize, itoe uangalie. Alama ienee uso mzima. Ikishika kona moja tu, kona hiyo itapondeka na futresti italala tena. Ncha iache juu kidogo kuliko mzizi.

Fundi anashauri tuichomelee kabisa isijikunje. Sawa?

Hapana. Inajikunja ili ikigonga kisiki, au pikipiki ikilala sana kwenye kona, ipande juu badala ya kuinua tairi kutoka ardhini. Ukiifunga, pigo lote linaingia kwenye breketi na fremu, na mguu wako upo hapohapo. Anayenunua pikipiki yenye futresti iliyochomelewa akague fremu pale breketi inaposhika. Nyufa hufichwa kwa rangi.

Naweza kutumia bolti ya milimita 8 badala ya pini?

Ndiyo, kama sehemu laini isiyo na nyuzi inapita masikio yote mawili ya breketi (vibamba vyenye tundu la pini). Nyuzi zikikaa ndani ya tundu zinalikereza kama msumeno. Chukua bolti ndefu yenye alama 8.8 kichwani, kata nyuzi, toboa mwishoni kwa biti ya 2.5, weka wosha na spliti pini (waya wa kukunja unaozuia pini isitoke). Kichwa kikae juu, ili hata spliti pini ikipotea pini isidondoke mara moja. Na tafadhali acheni misumari iliyopindwa badala ya spliti pini. Inakatika, pini inatoka, futresti inaanguka ukiwa umesimama juu yake.

Kama tundu limeshakuwa yai, litanue hadi milimita 10 na uweke pini ya 10, mradi pabaki chuma cha milimita 5 kuzunguka tundu. Toboa masikio yote kwa mpigo mmoja, la sivyo matundu hayatalingana. Chuma kikiwa chembamba, nenda kwa fundi kerezo akuwekee bushi (mrija mfupi wa chuma ndani ya tundu).

Nikichomelea bila kufungua?

Futresti yenyewe ni pini moja tu, ifungue. Breketi iliyoungana na fremu ndiyo inayochomelewa mahali pake: toa tenki, chomoa waya hasi wa betri na plagi ya waya za CDI (kisanduku cha umeme wa cheche), kisha bana waya wa ethi wa mashine kwenye breketi hiyohiyo. Ukiubana kwenye injini, umeme unaweza kupita kwenye beringi na kuzichoma.

Pini inahitaji grisi?

Kidogo, na uifute kila unapobadilisha oili. Grisi iliyoshika vumbi inasaga pini kama msasa.

Mpira mpya wa futresti hauingii, nimepaka oili.

Oili inaozesha mpira na utazunguka daima. Ufute, upake maji ya sabuni, usukume, uache ukauke usiku mzima.