Usianze na bango: kwa mwalimu mpya anayeripoti Kigoma

Umeripoti, umepewa vipindi, na kwa kuwa wewe ndiye mgeni, umekabidhiwa na klabu ya mazingira ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Karibu. Nami nilianzia hapohapo. Mwaka wangu wa kwanza niliwapa kidato cha pili kazi niliyoiita "mradi wa uendelevu", nikaletewa mabango 40 na ushee, karibu yote yana mti mmoja, jua linalocheka na maneno TUTUNZE MAZINGIRA. Nikayabandika ukutani, wenzangu wakasifu. Mvua ya kwanza ikaingia dirishani ikayabandua. Hakuna mtoto aliyejifunza kitu pale, na mimi nilijua.

Njia ninayotumia sasa huitwa fikra za usanifu. Imeenezwa sana na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kwa kawaida hupangwa hatua tano: kumwelewa mwenye tatizo, kulitaja tatizo lenyewe, kumwaga mawazo, kutengeneza kielelezo cha harakaharaka, kisha kukijaribu. Kwenye semina utaonyeshwa hatua hizo kwa mishale na rangi. Usihangaike kuzikariri. Kwa uzoefu wangu, kazi yote iko kwenye hatua ya kwanza, na ndiyo tunayoiruka kwa sababu haitoi kitu cha kubandika ukutani.

Wanafunzi wa hapa nawakumbusha jirani yao. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, hifadhi iliyo jirani hapa, Julai 1960, na jambo lililompa jina, la sokwe kuvua mchwa kwa kijiti, aliliona baada ya miezi ya kukaa na kutazama. Kwa hiyo kwenda mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, mara moja na kurudi na jibu ni haraka mno. (Shule yako ikiwa tayari na klabu ya Roots & Shoots, zile klabu za vijana za mazingira alizozianzisha hapa Tanzania mwaka 1991, fanyia kazi humohumo. Usifungue klabu nyingine ya kugombania watoto walewale.)

Sasa nikupe kisa cha mwalo wa Kibirizi. Tulikuwa na wanafunzi 18, na kabla hatujatoka getini walikwisha kulijua tatizo: akina mama wanaanika dagaa mchangani kwa sababu hawana elimu ya vichanja, yaani meza za fito za kuanikia. Suluhisho: tukawaelimishe. Sikuwabishia. Nilikipa kila kikundi daftari na swali moja tu: "Shikamoo mama, tusimulie jana yako ilivyokuwa tangu ulipoamka." Usiwaache wakaulize "mna changamoto gani?" Watu wa mwaloni wamekwisha kuulizwa hilo mara nyingi na wageni wa miradi, nao jibu wanalo mfukoni: mtaji.

Safari ya kwanza tuliambulia patupu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Mimi niliangalia ratiba ya shule, sikuangalia juu. Tulikuta mbuzi wawili na vijana wanashona nyavu. Mtoto mmoja wa Katonga akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ungeniuliza." Tangu siku hiyo kalenda ya klabu wanaipanga watoto wa wavuvi.

Safari ya pili, kikundi kimoja kilikaa na mama mmoja tangu saa mbili asubuhi. Vichanja alikuwa navyo viwili, na hakuhitaji kuelimishwa na yeyote: dagaa wa kichanja hawana mchanga, mnunuzi anawapokea kwa bei nzuri. Mchangani alikuwa anamwaga wale tu waliozidi. Kilichokuwa kinamuumiza ni mvua ya mchana inayowakuta dagaa nusu wakavu. Alichota kiganja kimoja akakitikisa sikioni mwa binti wa kidato cha tatu, kikalia kama majani makavu. Akachota kutoka upande wa pili wa kichanja, kimya. "Hawa wakinyeshewa sasa hivi," akasema, "kesho nawauza kwa wafuga kuku." Binti akauliza kwa nini asifunike. "Mama yako ana mikono mingapi? Saa nane nyie wote mko darasani."

Hilo la mwisho halikuwa kwenye mpango wowote wa somo. Tulirudi, na sentensi ya tatizo ikaandikwa upya ubaoni: mama aliye peke yake atafunikaje vichanja viwili kabla mvua haijafika, bila dagaa kuvunda? Neno "elimu" lilifutika lenyewe.

Kielelezo tulikitengeneza kidogo, ukubwa wa dawati, kwa fito, kamba za nyavu chakavu na nailoni ya mita chache. Vya kununua ni nailoni na misumari tu. Usikubali kutafuta fedha za kitu kikubwa mapema, maana kikishagharimu, watoto wanaona aibu kukibomoa. Cha kwanza tuliziba nailoni pande zote. Asubuhi ilikuwa inatiririka maji kwa ndani kama kifuniko cha sufuria, na dagaa wananuka. Kijana ambaye sikuwahi kumsikia kwenye kipindi cha Fizikia akasema, "Mvuke umekosa pa kutokea." Wiki ile nilifundisha uvukizi bila kufungua kitabu. Cha pili kilikuwa na paa la mgongo, pande mbili wazi, na kamba moja tu ya kuvuta.

Kuhusu lugha. Mahojiano yafanyike kwa Kiswahili au Kiha, na maelezo yaandikwe kwa lugha waliyoyasikia. Kiingereza kije mwisho kabisa, kwenye ripoti. Nilipowalazimisha kuandika Kiingereza palepale mwaloni, daftari zilirudi na sentensi mbili za kukopi kitabuni, na yale maneno ya mama kuhusu mikono yasingeandikwa kamwe.

Vibali usivichezee: barua ya mkuu wa shule, ridhaa ya wazazi, taarifa kwa uongozi wa mwalo, na hakuna mtoto kupanda mtumbwi. Wenzako watakuuliza kama haya yanatoka kwenye mtihani. Waonyeshe mada husika kwenye muhtasari wa Jiografia, Biolojia na Fizikia, uendelee na safari.

Uendelevu wenyewe haufundishwi kwa kielelezo tu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Darasani nilikuwa na watoto wa wavuvi na watoto wa watumishi. Mmoja alisema ziwa lisipopumzika, wajukuu watawasoma migebuka vitabuni. Mwenzake akajibu, "Sisi tunakula leo." Nilitamani sana kuamua. Nashukuru sikuamua, kwa sababu waliendelea kubishana hadi nje, na kesho yake wakaja na swali zuri kuliko yote niliyoandaa: mwenye kuanika anaishije miezi ambayo hakuna cha kuanika? Ukiona mabishano ya namna hiyo, funga mdomo, sogeza kiti pembeni. Ziwa hili lina nchi nne, na hata wakubwa wanakaa vikao kulijadili.

Jambo moja zaidi. Rudi. Wengi wetu tunapeleka kitu, tunapiga picha, tunapotea. Sisi tulimpelekea yule mama paa la ukubwa kamili, na tulipopita baada ya wiki mbili tukakuta amekata miguu ya kichanja, kimeshuka hadi kiunoni, na kamba yetu ameihamishia upande wa ziwa. Kijana wa Fizikia akakasirika, "Mwalimu, ameiharibu!" Mama akamwita, akamsimamisha kwenye nafasi yake, akamwambia ageuze dagaa wa katikati bila kupanda juu ya kitu. Alifikia bila taabu. Akavuta kamba, paa likateremka. Kijana akatoa daftari, akaanza kupima miguu.