Mgonjwa msomee habari za shujaa anayeogopa

Ukienda kumwona mtu aliyezidiwa na ugonjwa, nakusihi, usimpelekee hadithi za mashujaa wa imani wasiojua kutetemeka. Mama mdogo alipougua saratani, wageni walimletea hizo kila siku: fulani alichomwa moto akiimba, fulani alitupwa kwa simba wala hakushtuka. Wakishaondoka, ananiuliza kwa sauti ya chini kama kuogopa kwake ni dhambi.

Nikaanza kumsomea Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Bunyan alikuwa fundi wa masufuria huko Bedford, Uingereza. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri nje ya kanisa la serikali. Angeahidi kunyamaza, wangemwachia. Hakuahidi, akakaa ndani miaka 12, akitengeneza kamba za viatu ili wanawe wale. Na jasiri huyo huyo aliandika kwamba kutengana na mkewe na watoto, hasa binti yake kipofu, kulimuuma kama kubanduliwa nyama mifupani.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1678, na shujaa wake, Mkristo, anayesafiri kwenda mji wa mbinguni, anaogopa sana. Katika Ngome ya Shaka, jitu Kata Tamaa linampiga yeye na mwenzake Tumaini kwa rungu, kisha linawashauri wajiue. Mkristo anakaribia kukubali. Hapo mama mdogo alinishika mkono. "Mwanangu, rudia hapo." Nikarudia. Jioni ile alisema mambo ambayo hata mchungaji wake hakuwahi kuyasikia.

Usiuruke mto wa mwisho pia, ule wa mauti. Mkristo, aliyekwisha kupigana na pepo mwovu Apolioni, anazama huku akilia. Tumaini anamshikilia kichwa kisiingie majini, anamwambia, jipe moyo ndugu yangu, miguu yangu imegusa chini, ni pazuri. Mimi ushujaa wa Kikristo nauona hapo, kwa anayeshika na kwa anayekubali kushikwa. Usihofu kwamba utamtisha mgonjwa. Hofu anayo tayari.

Soma ukurasa mmoja au miwili tu, dawa ya maumivu ikishafanya kazi. Usimfafanulie. Akitaka Biblia, mwanzishie Zaburi ya 88 kabla ya ile ya 23, maana mwenye zaburi ile analalamika mpaka mstari wa mwisho, na anamlalamikia Mungu mwenyewe. Akilia, usikimbilie kufunga kitabu na kuanza maombi. Mpe leso, ungoje. Akisema endelea, endelea.