Stima ya Usiku ni Nusu Bei, Lakini Usikurupuke

Msomaji wa Malindi mwenye ghala la samaki kaniuliza: "Dada, hiyo stima ya usiku ya nusu bei ni kweli, ama ni maneno tu?" Ni kweli, kaka. Mimi nagandisha barafu ya wavuvi hapa Mombasa, na stima hiyo ndiyo iliyoniweka mjini.

Mpango huu ulianza Kenya Desemba 2017, kwa wateja wa viwandani. Siku za kazi, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, uniti zilizozidi kiwango ulichowekewa zilitozwa nusu bei. Sababu iko Olkaria, kule Naivasha, ambako umeme huzalishwa kwa mvuke. Mvuke wa ardhini hautofautishi usiku na mchana. Nchi ikilala, mvuke usiotumika huachiliwa hewani bure, ndiyo maana stima ya usiku ikashushwa bei. Jioni watu wanarudi, kila kitu kinawashwa, na mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu inaingizwa kazini. Gharama ya mafuta hayo tunagawiwa sote kwenye bili.

Nilipotaka tugandishe usiku, mshirika wangu alisema mbele ya wafanyakazi kwamba mwanamke hawezi kusimamia zamu ya usiku. Akatoa fedha zake, akaenda. Maneno yale yananiuma hadi leo. Lakini wavuvi wanaikuta barafu tayari alfajiri, na fedha iliyokuwa ikiishia kwenye stima imeninunulia lori.

Basi nisikilizeni. Bili ya kiwanda si uniti peke yake. Kuna KVA, kipimo cha ukubwa wa umeme unaovuta kwa pamoja, inayopimwa pale ulipovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote mwezi huo. Endesha kompresa zote kwa pamoja, hata mara moja tu, KVA hiyo utailipia mwezi mzima. Sisi huwasha moja, ikitulia ndipo ya pili. Zamu ya usiku nayo ina usafiri wa vijana, posho na mlinzi. Hesabu hayo kwanza.

Na wewe wa nyumbani usiseme hayakuhusu. Tokeni yako haina punguzo la usiku, lakini pasi na pampu saa mbili usiku za nini? Transfoma ya mtaa inalemewa, na mafuta ya mitambo unayalipia wewe. Tangi lijaze mchana, nguo zipige pasi asubuhi. Hatuwezi kulaumu giza huku kila mtu anajifikiria peke yake!

Kaka, toa bili zako za miezi sita, utazame mstari wa KVA, kisha ukae na vijana wako mpange zamu kabla hujagusa swichi.