Mtoto Anapimwa, Mama Anashika Kadi

Juzi usiku nimeletewa ujumbe na dada mmoja wa Nachingwea: "Dada, nina mtoto wa miezi miwili. Nikilala chali nabanwa pumzi, nakesha nimeegemea ukuta. Mama mkwe anasema ni mchango. Wewe ulijuaje kama ni moyo?"

Nilimjibu palepale kwamba kukicha aende hospitali, asingoje makala. Ila si wa kwanza kuniuliza. Na kwa kuwa mwezi huu nimepima na majibu yangu yametoka mazuri kiasi kwamba siwezi kuyanyamazia, leo naeleza kirefu jinsi moyo wangu ulivyougua baada ya kujifungua.

Mnaonisoma tangu zamani mnanijua kwa korosho. Nabangua, nakaanga, nafunga pakiti, natuma Dar kwa basi. Mimba yangu ilikua katikati ya msimu wa minada wa 2023, na nilisimamia wabanguaji wangu mpaka tumbo likawa linanitangulia mlangoni. Kama wewe ni mwenzangu wa kutaka mtoto na biashara vikue pamoja, unaelewa. Mwishoni presha ilipanda, nikapewa dawa, nikajifungua salama binti yangu Januari 2024. Ya chumba cha kujifungulia siyaandiki, kila mwenye mtoto ana yake.

Arobaini nilikaa kwa mama, Mikindani. Shangazi alinishika vizuri, Mungu anamwona: kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, mkaja umekazwa tumboni, uji wa pilipili manga, wali na ng'onda wa kukaanga. Nilidekezwa. Kisha kikaanza kikohozi kikavu, cha usiku tu. Mchana natembea, najitahidi, nikipanda ngazi tatu za baraza natweta kama nimetoka kubeba gunia. Usiku nikilala chali najiona nazama. Nikawa nalala nimekaa, mgongo kwenye gunia la maganda ya korosho ambalo mama aliliweka akiba ya kuwashia moto, mtoto kifuani. Maganda yale yana mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo mama alilifunika kanga mbili. Harufu yake naikumbuka mpaka leo.

Miguu nayo ikavimba. Siku moja mama alinibonyeza mundi kwa kidole gumba, akaondoa kidole, shimo likabaki pale pale. Tukalitazama wote likijaa polepole. Shangazi akasema ni maji ya uzazi, yatashuka. Jirani akasema mchango. Mwingine akasema jicho, maana mtoto ni mweupe na watu wamemwona kabla ya siku zake. Wifi yangu, aliyekuja kutazama mtoto, alisema kwa sauti ya kutosha nimsikie: "Wengine uzazi mmoja tu wanadeka hivi, wakizaa watano itakuwaje?" Nimesamehe. Kusahau ndiyo bado.

Hospitali nilikwenda, tena mapema. Kituo cha kwanza niliandikiwa dawa ya pumu, na sijawahi kuwa na pumu maishani. Nilipoeleza habari ya kushindwa kulala, nikaambiwa mzazi yeyote halali, nipunguze mawazo. Mara ya pili wakasema nyumonia, nikachomwa sindano. Niseme haki: huku kusini malaria imejaa, upungufu wa damu baada ya kuzaa umejaa, na vyote viwili humfanya mtu aheme na mapigo yaende mbio. Mhudumu mwenye foleni ya watu mpaka nje ataanza na anayoyaona kila siku. Ninachowadai ni kusikiliza. Nilieleza, nikakatizwa.

Aliyenipatia alikuwa daktari kijana kwenye hospitali nyingine. Aliniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Usiku unalalia mito mingapi?" Nikamwambia silalii mto, nalalia gunia. Hakucheka. Akanisikiliza mapafu mgongoni, akanitazama mishipa ya shingo, akanibonyeza mguu, akaandika ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kipimo cha eko, ile altrasaundi ya moyo. Majibu yalionyesha moyo wangu umetanuka na umelegea, unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu inayojaa ndani yake kwa kila pigo. Moyo mzima husukuma kuanzia kama 55.

Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita kwa Kiingereza peripartum cardiomyopathy, ni msuli wa moyo kuchoka kwa sababu ya uzazi. Huanza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwa na tatizo la moyo linalojulikana. Kipimo kikisoma chini ya 45, na sababu nyingine hazionekani, ndipo madaktari hulitaja jina hilo. Huwapata zaidi waliopata presha au kifafa cha mimba, wenye mapacha, waliozaa mara nyingi, wenye umri zaidi ya miaka 30, na sisi wenye asili ya Afrika kuliko wengine. Lakini hata binti wa miaka 20 na uzazi wake wa kwanza anaweza kuupata. Chanzo chake hasa bado kinatafutwa. Hauletwi na mtu, na wala si adhabu ya kufanya kazi ukiwa mjamzito, kama nilivyoambiwa na wanaojua kila kitu.

Kitandani nilisoma mambo mengi kwenye simu. Kaskazini mwa Nigeria ugonjwa huu ni mwingi kuliko karibu kokote duniani. Kule Zaria, watafiti wa zamani waliona wazazi wa Kihausa wanalazwa juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini, wanaogeshwa maji ya moto sana, na kunyweshwa uji wenye kanwa, yaani chumvi ya magadi, wakadhani joto na chumvi ndivyo vinavyouelemea moyo. Wengine walipopima baadaye hawakuona kwamba mila hiyo peke yake ndiyo sababu. Nilimsomea shangazi. Akanijibu, "Sisi si Wahausa," akaenda kuchemsha maji.

Basi tulikutana njiani. Kukandwa kulibaki, maji ya uvuguvugu. Ng'onda aliondoka. Hapo ndipo palipouma, maana mtu wa pwani ukimwondolea samaki wa chumvi umemwondolea nusu ya jiko. Chumvi haikuleta ugonjwa, ila moyo uliochoka ukipewa chumvi mwili unashika maji, na maji yakijaa kwenye mapafu ndipo usiku unazama. Kipimo cha mtu mzima yeyote ni chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, kikijumlisha iliyofichwa kwenye mkate na viungo vya pakiti. Nilijifunza kupika changu mwenye ndimu, tangawizi na nazi, bila chumvi ya kunyunyiza. Wiki mbili za kwanza unakula kwa hasira. Halafu ulimi unazoea.

Nilipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Dawa zilikuwa za aina tatu nne: ya kutoa maji, ile inayokufanya ukae karibu na choo, ya kuupunguzia moyo mzigo, enalaprili, na ya kutuliza mapigo. Daktari alichagua zinazoruhusu kunyonyesha, nami nikaendelea kunyonyesha. Lakini enalaprili hiyo hiyo haifai kabisa kwa mjamzito, kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani eti ugonjwa ni mmoja. Na usiache dawa siku unapojisikia nafuu, kwa sababu nafuu hiyo imeletwa na dawa. Weka na akiba. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua vilipoikata barabara ya Dar huku Somanga, magari yalikwama na mimi nilikuwa na vidonge vya kuhesabu. Tangu hapo nanunua kabla havijafika nusu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapokasirika.

Mwanamke akiwa na mimba kila mtu anampima. Presha, damu, mkojo, uzito. Akishajifungua, kadi inageuka ya mtoto. Arobaini ikiisha mkaja unafunguliwa, watu wanaondoka, na kila mmoja anaamini hatari imepita. Na moyo una miezi mitano! Mtoto anakwenda chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Anawekwa kwenye mzani, anachomwa, anaandikiwa. Wewe umembeba, umesimama foleni, umevimba miguu, na hakuna anayekuuliza lolote. Dada, tumia siku hizo hizo. Umeshafika, nauli umeshalipa. Sema: "Nami naomba kupimwa presha." Sema: "Nikilala chali sipumui." Usiseme nimechoka, kila mtu amechoka. Sema unalala umekaa. Sema kikohozi ni cha usiku. Sema viatu havikuingii. Sema uzito umeongezeka wakati hakuna unachokula cha ziada. Sema kwa mpangilio huo, na ukikatizwa rudia.

Uchovu wa kunyonyesha ukilala unapungua. Huu wa moyo ukilala unazidi. Shika hilo hata kama mengine yote utayasahau.

Na kama pumzi imekata ghafla, kifua kinachoma, au mguu mmoja tu umevimba na unauma, hiyo si ya kungoja siku ya chanjo, inaweza kuwa damu iliyoganda imekwenda kwenye mapafu. Bodaboda, bajaji, pikapu ya korosho, chochote kilichopo kikufikishe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo ukizimia, au upande wa mwili ukilegea. Kina baba mnaosoma kwa kuchungulia, hii ni yenu pia: ukimwona mkeo anakaa macho usiku, usigeukie ukutani.

Kwa asiye na uwezo wa kwenda Dar, madaktari wa Taasisi ya Moyo huzunguka mikoani na huduma ya tiba mkoba. Sikilizeni redio za mkoa, ulizeni kwa mganga mkuu. Na bima ikatwe kabla ya kuumwa, kipimo cha eko na nauli havingoji mauzo ya korosho.

Sasa majibu yangu. Asilimia 57. Daktari aliigeuza ile skrini nione mwenyewe moyo ukikaza na kuachia, na sioni aibu kusema nililia mbele ya wanafunzi wake. Karibu nusu ya wanaougua hupona hivi, wengi ndani ya miezi sita, wengine kama mimi wanachelewa, wengine moyo haurudi. Sijafanya muujiza. Ila nilimeza kila kidonge, na hilo najisifia.

Habari zimefika ukweni na tayari nimeulizwa mtoto wa pili lini. Jibu halisi ni hili: ambaye moyo wake haujarudi anashauriwa asibebe tena mimba, inaweza kumuua. Hata aliyepona, takriban mmoja kati ya watano hurudiwa na dalili. Kwa hiyo mimi nina kitanzi cha uzazi wa mpango. Kijiti nacho kingefaa. Vidonge vya majira vyenye estrojeni nilikatazwa, kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda. Mume wangu anajua, tulikaa naye kwa daktari, akauliza maswali kuliko mimi. Anayemtaka mjukuu wa pili na aje naye tukae pale. Miadi yangu ijayo ni Machi, viti viko viwili.