Maswali ya Wasomaji: Kiingereza kwa Wanaosema Kihispania

SWALI: Nafundisha Kiingereza mtandaoni, wanafunzi wangu wako Hispania na Mexico. Wanasema "espain" kwa "Spain" na "work-id" kwa "worked", na kwao "ship" na "sheep" ni neno moja. Nianzie wapi? – Mwalimu, Mombasa

JIBU: Anza na "-ed", kwa sababu hapo matamshi na wakati uliopita vinaharibika kwa pamoja. Mwanafunzi aweke vidole kooni, atamke sauti ya mwisho ya kitenzi kabla ya kuongeza kitu. Koo lisipotetema, kama katika "work", "stop" na "wash", hiyo "-ed" ni "t" tupu. Likitetema, kama katika "play" na "live", ni "d". Silabi ya ziada huja pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: "wanted", "needed". Mpe vitenzi 12 avipange makundi matatu kwa sikio, kisha avitamke vikifuatwa na irabu. "Worked in" husikika kama "wek-tin". Ile t inahamia neno la pili, na shida ya konsonanti mbili mwishoni inakwisha.

"Espain" ni tabia ya lugha yao: neno la Kihispania halianzi na s inayofuatwa na konsonanti, ndiyo maana wana "escuela" na "España". Avute s ndefu, "ssss-pain", bila kufungua mdomo kabla yake.

Kwenye "ship" na "sheep" jihadhari hata wewe. Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili, kwa hiyo huenda unazitamka sawa bila kujua. Tofauti si urefu peke yake. Katika "ship" ulimi hulegea na kushuka kidogo kuelekea e. Tumia sauti za kamusi ya mtandaoni, naye aonyeshe kidole kimoja au viwili kulingana na alichosikia. Asipotofautisha kwa sikio, kumlazimisha atamke ni kupoteza kipindi.

Lakini una mtaji: sh, z, v, th na dh unazo tayari. Wa Mexico naye ana sauti iliyo karibu na dh katika d ya "nada". Aihamishie kwenye "this". Wengi wa Hispania hutamka th ya "thamani" ndani ya "gracias", ila hawajui kwamba ndiyo ya "think".

SWALI: Kwa nini wa Madrid huzidisha "I have seen" na wa Mexico huikwepa?

JIBU: Kila mmoja anafuata Kihispania cha kwao. Madrid, hata jioni, mtu husema "esta mañana he visto", yaani "this morning I have seen"; Kiingereza cha jioni kinataka "I saw him this morning". Mexico husema "ya comí", na Wamarekani wenyewe husema "I already ate", kwa hiyo usipoteze nguvu hapo. Kosa linalowaunganisha ni "I live here since three years", kutoka "vivo aquí desde hace tres años". Sahihi ni "I have lived here for three years". Muda uliohesabiwa huchukua "for", mwanzo wake huchukua "since".

SWALI: Wanakwepa vitenzi vya maneno mawili, kama "put off" (kuahirisha). Niwape orodha?

JIBU: Hapana, hasa ile ndefu ya "get". Wanasema "postpone" na "extinguish" kwa sababu wana "posponer" na "extinguir". Isitoshe, Kihispania huweka mwelekeo ndani ya kitenzi, kama sisi: "subir" ni kupanda, "salir" ni kutoka. Kiingereza huutoa nje: "go up", "go out". Anza na vinavyoonekana kwa macho, "take off" ya viatu kabla ya "take off" ya ndege, vitano kwa wiki, kila kimoja katika sentensi ya jana na ya kesho.

Kisha mpangilio. "Pick up the book" na "pick the book up" ni sawa, lakini kiwakilishi lazima kikae katikati: "pick it up". "Look after" haigawanyiki: "look after her". Mkazo katika "put it off" uko kwenye "off"; wakiuweka kwenye "put", msikilizaji hupotea. Kwenye barua ya kazi, waache waandike "postpone".