Rilei ya Elektrodi Kwenye Tangi: Maswali Yenu Yajibiwa

Kwa sababu ya mgao wa maji, nyumba nyingi za Nairobi zina tangi chini na jingine juu ya paa, na pampu katikati. Barua za mara hii karibu zote zinauliza nani aamrishe pampu hiyo iwake na izime.

SWALI: Hamjambo mafundi? Nina ploti ya orofa nne. Chini kuna tangi la saruji la lita 10,000, juu kuna la plastiki la lita 5,000. Floti (boya lenye swichi) ya juu hukwama kila baada ya muda, na sasa nimeshauriwa niweke rilei ya elektrodi. Hufanyaje kazi, na fundi aiunge vipi? *Mwenye nyumba, Umoja*

JIBU: Hatujambo. Rilei hii, yaani swichi inayogeuzwa na umeme, haipimi kimo cha maji. Inachojua ni jambo moja tu: kama mkondo mdogo wa umeme unapita kati ya vyuma viwili, au haupiti. Maji yana madini ya kutosha kuupitisha, hewa haiupitishi. Ukilishika hilo, hitilafu nyingi utazitambua mwenyewe.

Kila tangi linataka fimbo tatu za stenlesi. Ndefu kuliko zote ni ya pamoja, E3. Ya kati, E2, ni kiwango cha chini. Fupi, E1, ni kiwango cha juu. Rilei nyingine huandikwa C, Min na Max, lakini kazi ni ile ile. E3 ishuke chini ya E2 kwa milimita 50 au zaidi, ili isiwahi kubaki kavu kabla ya E2. Tangi la chuma lenyewe linaweza kuwa E3. La plastiki haliwezi, na hata kwenye saruji ni heri uweke fimbo ya tatu.

Fimbo za viwango ni mbili kwa sababu moja peke yake ingewasha na kuzima pampu kwa kila wimbi dogo. Maji yakigusa E1, rilei inavuta, yaani swichi yake inageuka. Yakishuka chini ya E1 inaendelea kushikilia kupitia E2, na inaachia, yaani swichi inarudi ilipokuwa, pale E2 inapobaki kavu. Kwenye tangi lako la juu, weka E1 sentimita 15 chini ya bomba la kumwaga maji ya ziada, na E2 sentimita 80 chini ya E1. Kwa tangi la ukubwa huo, kila mzunguko utapandisha takriban lita 2,000, na pampu itapumzika vya kutosha.

Tangi la chini lipewe rilei yake, maana kazi yake ni kinyume: kuizuia pampu isizunguke kavu. Hapo E2 ikae sentimita 20 hadi 30 juu ya chujio la bomba la kuvutia, na E1 nusu mita juu ya E2, ili pampu isiwake tena kwa maji kidogo yaliyodondoka.

Sasa nyaya. Kwenye rilei ya juu tumia mguso (swichi ya ndani ya rilei) ambao umefunga rilei ikiwa imepumzika, yaani tangi likiwa halijajaa. Kwenye rilei ya chini tumia mguso unaofunga rilei ikiwa imevuta, yaani maji yapo. Rilei nyingine zina kitufe cha kuchagua kujaza au kutoa, na huenda miguso yake ikawa kinyume cha hii, kwa hiyo soma mchoro ulio ubavuni kabla ya kukata waya. Miguso yote miwili iungwe kwa mfululizo: laini (waya wenye umeme) kutoka kwenye breka, kisha vituo 95 na 96 vya ovalodi (kinga inayokata mota ikivuta umeme kupita kiasi), mguso wa rilei ya chini, mguso wa rilei ya juu, halafu A1 ya kontakta (swichi kubwa inayobeba umeme wa pampu). A2 iende kwa nyutro, na koili ya kontakta, yaani waya wa sumaku ulio kati ya A1 na A2, iwe ya volti 240. Ukiweka swichi ya kuwasha kwa mkono, iruke rilei ya juu peke yake. Ile ya chini usiiruke kamwe, kwa sababu anayewasha kwa mkono ndiye husahau, na sili ya pampu huungua ikizunguka bila maji.

Kuna mafundi wanaopitisha pampu moja kwa moja kwenye rilei ili kuokoa bei ya kontakta. Usikubali. Miguso ya rilei nyingi za aina hii ni ya ampia 5 kwa mzigo usio na mota. Pampu ya nguvu farasi moja hula ampia 5 hadi 6 ikizunguka, na inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo. Miguso itashikana kwa joto, na siku hiyo pampu haitazima hata tangi lifurike. Kontakta ya ampia 9 ya daraja la AC-3, yaani la mota, inatosha, pamoja na ovalodi iliyowekwa kwenye ampia zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Pampu yako ikiwa ya fezi moja na ovalodi ikiwa ya njia tatu, zungusha waya upite njia zote tatu. Njia moja ikibaki bila mkondo, ovalodi huona kama fezi imepotea na hukata bila kosa.

Kishikilia fimbo kikae mbali na bomba linaloleta maji, ili yasikirushie. Fimbo zinazozidi mita moja zitiwe vitenganishi vya plastiki ili zisigusane. Kebo ya elektrodi ipite bomba lake, isilale pamoja na kebo ya pampu. E3 iungwe na ardhi. Kazi yote ya upande wa volti 240 ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

SWALI: Tangi linafurika na rilei haivuti. Nimebadilisha rilei mara mbili na shida ni ile ile. *Keateka, Kasarani*

JIBU: Usinunue ya tatu, ndugu. Rilei mbili mpya kuwa mbovu kwa namna moja ni nadra sana.

Zima breka, toa nyaya za elektrodi kwenye rilei, kisha unga E1, E2 na E3 kwa vipande vya waya. Washa: taa iwake na rilei ilie "tak". Zima, weka vipande kwenye E1 na E3 peke yake, washa, itavuta tena. Kama inavuta hivyo, rilei ni nzima. Rudisha nyaya, panda juu, na uunganishe fimbo zenyewe kwa waya. Isipovuta sasa, kebo imekatika au kuna skrubu iliyolegea njiani. Ikivuta, basi kebo ni nzima na shida iko kwa maji au kwa uso wa fimbo.

Hapo ndipo wengi hukwama Nairobi. Maji ya kaunti hutoka kwa sehemu kubwa Ndakaini, na mengine Sasumua, ni maji ya mito ya Aberdare yenye madini machache. Ya mvua ni maskini zaidi. Rilei ya kawaida hutaka ukinzani (ugumu wa umeme kupita) usiozidi kilo-omu 4 hivi, na ncha ya E1 ikiwa imegusa maji mepesi kwa sentimita moja tu, ukinzani unaweza kupita hapo kwa mbali. Sugua fimbo kwa karatasi ya msasa uondoe utando. Isiposaidia, tafuta rilei ya usikivu wa juu, yenye kitufe cha kurekebisha hadi kilo-omu 100 au 150. Anza na thamani ndogo maji yakiwa yamegusa E1, zungusha polepole mpaka ivute, ongeza kidogo tu, kisha shusha maji uhakikishe inaachia.

Usitegemee multimita kupima ukinzani wa maji. Inapitisha umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), na namba itapanda mbele ya macho yako kwa sababu ya chaji inayojikusanya kwenye vyuma. Njia bora ni kupima usikivu wa rilei yenyewe: weka rezista (vipande vya ukinzani unaojulikana) za kilo-omu 4.7, 10 na 47 kati ya E1 na E3, moja baada ya nyingine, uone rilei inaacha kuvuta kwenye ipi. Luthuli Avenue utazipata kwa bei ndogo.

Jambo moja zito. Kwenye rilei ya juu, ya kujaza, waya wa elektrodi ukikatika, rilei huona tangi tupu na pampu huendelea. Kwenye rilei ya chini, waya ukikatika pampu huzima, na hapo hakuna hasara. Kwa hiyo tangi la juu lisikose bomba la maji ya ziada, na floti moja juu kidogo ya E1, iliyoungwa kwa mfululizo na koili, iwe ngao ya mwisho.

SWALI: Kwetu ni kinyume. Tangi ni tupu, wapangaji wanalalamika, pampu haiwaki. Baada ya saa kadhaa inawaka yenyewe. *Msomaji, Kahawa West*

JIBU: Rilei inaona maji yasiyokuwepo. Fungua kifuniko utazame kishikilia cha fimbo kwa karibu. Mara nyingi utakuta matone ya mvuke yameungana kati ya skrubu mbili, au utando wa kijani umetoka fimbo moja hadi nyingine. Ukikauka, pampu inawaka, ndiyo maana unangoja saa kadhaa. Kausha, safisha, na uzivike fimbo mpira wa kuhami tangu juu, ukiacha wazi sentimita chache za chini tu. Kisha punguza usikivu.

Kebo ndefu nayo hudanganya. Nyaya mbili zilizolala pamoja huwa kama kapasita inayopitisha umeme wa kubadilika kidogo, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita 200, kwa umeme wa hezi 50, ni sawa na ukinzani wa karibu kilo-omu 160 kati ya nyaya hizo hata tangi likiwa kavu kabisa. Rilei iliyowekwa kilo-omu 150 iko mpakani hapo. Kwenye nyumba ya orofa nne kebo haifiki huko, lakini kwenye mtaa wenye mnara wa maji mbali na pampu, isogeze rilei karibu na tangi, na waya unaokwenda mbali uwe ule wa koili ya kontakta peke yake.

SWALI: Fundi alitutengenezea saketi ya transista ya volti 12 kutoka kwa betri. Fimbo moja imeliwa ikawa nyembamba kama sindano, nyingine ina ukoko mweupe. *Mama wa watoto wawili, Utawala*

JIBU: Mama, hilo ni tokeo la umeme wa moja kwa moja majini. Chuma cha upande chanya huyeyuka, na madini hujishika upande hasi. Na kile kilichoyeyuka kimeingia kwenye maji mnayotumia. Ndiyo sababu rilei halisi hupeleka kwenye fimbo umeme wa kubadilika (AC), kwa kawaida volti 8 hadi 24, kupitia transfoma iliyotengwa na stima ya nyumba. Iondoeni saketi hiyo, muweke fimbo mpya. Na mtu akiwashauri kupitisha volti 240 kwenye maji ili kuokoa bei ya rilei, mfungieni mlango.

SWALI: Je, naweza kuitumia kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine? *Msomaji, Karen*

JIBU: Ndiyo, na huko kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu maji ya visima vya Nairobi yana madini mengi kuliko ya kaunti. Tumia elektrodi za kuning'inia kwa kebo badala ya fimbo. Ya chini ikae mita kadhaa juu ya pampu, na ya juu mahali maji yanaporudi baada ya kisima kupumzika. Bomba la chuma la kisima linaweza kuwa E3. Madini hayo hayo huacha ukoko, kwa hiyo zitoe uzisugue kila mwaka.

SWALI: Nataka kuitumia kwenye tangi la dizeli la jenereta. *Msimamizi, Industrial Area*

JIBU: Haitafanya kazi. Dizeli, mafuta ya taa na petroli havipitishi mkondo huo, kwa hiyo rilei itaona tangi tupu daima na pampu itaendelea kumwaga mafuta sakafuni. Tumia floti iliyotengenezewa mafuta. Kwa petroli, swichi na kila kiungo cha waya kiwe cha aina iliyoidhinishwa kwa sehemu zenye mvuke unaoweza kulipuka.