Yamaha 40 kuwaka kwa shida na kuzima ikipata moto: pima haya kabla ya kununua CDI

Mkuu, nimeelewa hivi: mashine ni ya boti, Yamaha 40 ya silinda mbili inayotumia mafuta ya kuchanganya, iko Matema, Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Asubuhi inavutwa mpaka mkono unachoka ndipo iwake, ikikimbia kama nusu saa inazima, ikipoa inawaka tena. Fundi amesema ni CDI (kile kisanduku cha umeme kinachotuma umeme wa cheche kwa wakati wake), na bei ya CDI unaijua.

CDI hufa kweli, sikatai. Lakini multimita ya kawaida haiwezi kuipima, kwa kuwa umeme wake hutoka kwa mapigo mafupi sana ambayo huhitaji kifaa cha kushika kilele cha volti. Ndiyo maana husingiziwa kila mara ambapo vifaa vingine havijapimwa. CDI ishukiwe mwisho, baada ya vyote vinavyoilisha na vyote inavyovilisha kuonekana ni vizima.

Ugonjwa wako una swali moja kubwa: mashine inapozima, cheche ipo au haipo? Jibu linapatikana palepale inapozima, ikiwa bado ya moto. Ukisubiri ipoe utaona cheche nzuri na hutajua lolote. Kwa hiyo toka na vifaa ndani ya boti, ukae karibu na ufukwe: spana ya plagi ya 21, plagi mbili mpya, kipande cha waya chenye klipu mbili, kichupa cha plastiki chenye mafuta kidogo yaliyochanganywa, na multimita.

Ikizima, kabla ya kufungua kifuniko, shika ile pampu ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta. Ikiwa imenywea na kubaki bapa, mafuta yamezuiwa kabla ya pampu. Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa kishindo, tundu la hewa limefungwa. Wakati mwingine skrubu ya tundu imesahaulika, wakati mwingine nyigu wameziba kwa udongo. Tatizo hili huiga kabisa koili mbovu (koili ni waya wa shaba uliosokotwa unaozalisha au kukuza umeme wa cheche): mashine inakimbia vizuri, inazima, inapumzika, inawaka. Ikiwa pampu ni laini na ukiiminya mara kadhaa mashine inarudi, basi tazama ngozi (diaframu) za pampu ya mafuta ya injini au kiungo kinachovuta hewa. Hapo CDI haihusiki.

Pampu ikiwa ngumu, toa plagi haraka. Plagi mbichi, yenye harufu ya petroli, inasema mafuta yanafika ila hayachomwi. Plagi kavu inasema mafuta hayafiki. Mwagia mafuta kidogo ya kile kichupa kwenye mdomo wa kabureta, rudisha plagi, vuta. Ikishika sekunde mbili tatu na kufa, cheche ipo, shughulika na kabureta.

Kupima cheche kwenyewe kuna mtego ambao huwapoteza wengi. Mashine nyingi za silinda mbili za aina hii zina koili moja yenye waya mbili za plagi, na plagi zote hupiga pamoja. Umeme hutoka upande mmoja wa koili, unapita plagi ya kwanza, unapita kwenye bodi (chuma cha injini), unarudi kupitia plagi ya pili. Ukichomoa plagi moja na kuiacha ikining'inia bila kugusa bodi, ya pili nayo inaweza kukosa cheche ingawa koili ni nzima, na koili au CDI zinaweza kuungua kwa kukosa njia. Zote mbili zifungwe kwenye bodi kwa waya wenye klipu. Ziweke mbali na matundu ya silinda, futa petroli iliyomwagika, usizishike kwa mkono, kisha vuta kamba kwa nguvu. Ukivuta polepole sumaku (lile gurudumu lenye sumaku juu ya injini) haizalishi umeme wa kutosha. Fanya kivulini, kwani kwenye jua la ziwani hata cheche nzuri haionekani. Unatafuta cheche ya buluu inayolia. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Ukiwa na kipimo cha mwanya, cheche nzima huruka milimita 9 hewani.

Cheche haipo? Sasa fanya kile kinachopaswa kuwa cha kwanza katika kila gereji: tenganisha waya wa kuzimia. Kwenye Yamaha nyingi ni mweupe, unatoka CDI kwenda swichi ya kuzima na ile kamba ya usalama anayojifunga nahodha. Kazi yake ni kuupeleka umeme wa CDI kwenye bodi. Swichi ikiingia maji au waya ukichubuka, mashine inajizima yenyewe. Kyela mvua na unyevu ni vingi, kutu ya kijani kwenye viungio ni ya kawaida, na waya uliochubuka unaweza kugusa bodi mara tu mtikisiko na joto vinapoulegeza. Tenganisha, vuta. Cheche ikirudi, umepona kwa bei ya swichi. Angalizo: ukiwasha hivyo, swichi haizimi tena, utaizima kwa kuvuta choki, na usisafiri bila kamba ya usalama.

Bado haipo? Chukua multimita na pima kwenye viungio vya waya, bila kung'oa sumaku. Pima koili ya kuchaji (inayolisha CDI), koili ya pulsa (inayoiambia wakati wa kupiga), na koili ya plagi. Hii ya mwisho, kwa sababu niliyoeleza, upande wa volti kubwa hupimwa kutoka waya mmoja wa plagi hadi mwingine, kofia za plagi zikiwa zimefunguliwa. Siyo kutoka waya hadi bodi. Namba sahihi hutofautiana kwa modeli, zipo kwenye kitabu cha ufundi cha mashine yako. Kwako muhimu zaidi ni kupima mara mbili: baridi, na papo hapo inapozima. Waya wa shaba huongeza ukinzani takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto, hivyo kupanda kidogo siyo ubovu. Ubovu ni namba kuruka, au multimita kuonyesha waya umekatika ikiwa moto na kuungana ikipoa. Kwa dalili ulizotaja, kama si mafuta, naishuku zaidi koili ya kuchaji kuliko CDI, kwa kuwa iko chini ya sumaku inakopikwa na joto la injini, na koili dhaifu huonekana pia asubuhi: mashine haiwaki mpaka uvute kwa kasi kubwa mno.

Usipite kofia za plagi bila kuzitazama. Zimesokotwa kwenye waya. Zizungushe zitoke, kata milimita 5 za waya uliooza, rudisha. Plagi iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, na mkia wa -10 maana yake mwanya wa milimita 1. Oili iwe ya boti yenye alama TC-W3, mililita 20 kwa lita ya petroli, yaani nusu lita kwa tanki la lita 25. Oili ya pikipiki huacha majivu kwenye plagi, na majivu hayo hula cheche.

Sasa jambo la huku kwetu. Ukiipakia mashine kupitia Tukuyu hadi Mbeya mjini, umeipandisha kutoka chini ya mita 500 hadi karibu mita 1,700. Hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo kwenye pipa la maji la gereji mashine nzima kabisa itatoa moshi, itasuasua, na plagi zitakuwa nyeusi. Fundi akipunguza mafuta kwenye kabureta ili itulie pale, ikirudi ziwani itakosa mafuta ya kutosha, itapata joto kali na pistoni inaweza kutoboka. Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) nayo husoma chini Mbeya kuliko Matema. Umeme upimwe popote, lakini kabureta irekebishwe ziwani. Kompresheni linganisha silinda kwa silinda: tofauti ikizidi asilimia 15, au zote zikiwa chini ya psi 90 ziwani, hakuna plagi wala CDI itakayoondoa tabu ya asubuhi.

Kama yako ina sterta, betri dhaifu haiui cheche moja kwa moja, maana sumaku ndiyo inayozalisha. Inaizungusha injini polepole tu. Pima betri wakati sterta inazungusha. Ikishuka chini ya volti 9.6, shughulika na betri na vichwa vyake kwanza.

Ukipima, leta hapa: hali ya pampu ya mpira ilipozima, plagi mbichi au kavu, cheche kabla na baada ya kutenganisha waya mweupe, na omu (ukinzani) za koili zote tatu zikiwa baridi na zikiwa moto. Andika na modeli iliyo kwenye kibandiko cha bano linaloshikilia mashine kwenye boti, kwa sababu 40 ziko za aina nyingi.